Uliza Kwanza Nani Anasema

Ipo siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, kila nionapo vijana wetu wakitumiana mistari ya Biblia kwenye simu. Umepewa darasa la Jumapili ufundishe, nawe umeniuliza usome wapi huko mtandaoni. Nitakujibu, ila nivumilie nianzie mbali kidogo.

Nilikuwa msichana, nasomea ualimu Rongo, enzi ambazo intaneti tuliifuata kwenye saiba, vile vibanda vya kompyuta za kulipia. Dada yangu Adhiambo alikuwa ameolewa Sori, kando ya ziwa. Mumewe, mvuvi, alikufa maji upepo ulipopindua mashua yao karibu na kisiwa cha Mfangano. Hata matanga hayajaisha, shemeji yake mmoja akamletea karatasi aliyoitoa mtandaoni, mahubiri ya mtu asiyetaja jina lake wala kanisa lake. Yalisema kwamba asiye na hatia haangamii, na chini yake pakawekwa mstari wa kitabu cha Ayubu. Adhiambo akaamini. Aliacha kwenda kanisani, akaacha hata kumtaja marehemu mbele ya watoto, kana kwamba walizaliwa na mhalifu.

Nilirudi saiba kutafuta jibu. Nikakuta wahubiri wanagombana, kila mmoja na mstari wake, nikatoka nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia. Lakini kuuliza si ujinga. Nikaipeleka karatasi ile kwa Mchungaji Obuya, mzee wetu aliyekuwa amestaafu. Aliisoma polepole, akavua miwani.

"Ni nani anayesema maneno haya?"

Nikamjibu kwamba ni Biblia.

"Biblia ina wasemaji wengi, nyathina," akasema, maana kwa Kijaluo aliniita mtoto wake. "Hata shetani anazungumza humo. Huyu ni Elifazi, rafiki aliyekuja kumfariji Ayubu akaishia kumshtaki. Nenda mwisho wa kitabu uone Mungu alimwambia nini."

Nikaenda. Kumbe Mungu alimkasirikia Elifazi na wenzake, akawaambia hawakusema ukweli juu yake.

Nilidhani mzee angenikataza intaneti. Badala yake aliniomba nimpeleke naye aone. Tukaketi mbele ya kompyuta moja, tukapata tovuti yenye Biblia nzima, Kijaluo na Kiswahili bega kwa bega, pamoja na maelezo ya walimu wa theolojia walioandika majina yao wazi. Alifurahi sana, sikumbuki kumwona amefurahi vile. Tukachapisha ile sura ya mwisho kwa Kijaluo, nami nikaipeleka Sori.

Adhiambo aliisoma kwa sauti, akarudia.

"Kumbe Mungu hakuwa upande wao," akasema.

Ndipo akalia, kilio ambacho hakukilia hata kaburini. Jioni ile aliwaita watoto, akawasimulia vile baba yao alivyokuwa akiimba vibaya kanisani bila kumjali mtu, nao wakacheka. Jumapili iliyofuata walikwenda wote.

Sasa, mwanangu, simu yako ina hazina ambayo Mchungaji Obuya hakuwahi kuiota. Weka programu ya Biblia yenye tafsiri kadhaa, uzilinganishe. Tafuta kamusi ya Biblia na ramani zake, ujue Yeriko iko wapi kabla hujaihubiri. Vyuo vingi vya theolojia vinatoa masomo bure. Fuata walio na jina na kanisa linalojulikana, watu unaoweza kuwauliza swali. Bibi yako ambaye macho yamechoka, mwekee Biblia ya kusikiliza kwa Kijaluo. Ila ukiletewa mstari mmoja wa kutisha, usiusambaze. Soma sura nzima, uliza nani anasema na anamwambia nani, kisha umuulize mchungaji wako, kwa maana mtandao hautakuja kukaa nawe matangani. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Na ukifundisha, kumbuka kwamba darasani mwako huenda kuna mtoto aliyefiwa.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe masikio kabla ya ulimi, na neno lako liwe dawa kwa waliovunjika moyo. Amina.