Jina Linakuja Nani?

Cheka tu, nastahili. Ninauza programu ya kompyuta ya kuhesabu mali za duka, na kwenye tovuti yangu niliweka malipo ya kadi juu kabisa, kwa maringo. Dodoma nzima hakuna aliyeyagusa. Kila mteja anataka namba ya simu, kisha anauliza, "Jina linakuja nani?"

Laini yangu ilikuwa imefungwa, nikatumia ya marehemu kaka yangu, Elia. Mkewe nilimwambia simu ya marehemu ilipotea.

Juzi niliwaita wenye maduka wa Chang'ombe niwaonyeshe programu. Shemeji, huyo mjane wa Elia, akaja kunisaidia kugawa chai. Mama mmoja akaanza kulipa, akasita.

"Linakuja Elia Chilewa. Ndiye nani?"

"Ndiye mimi, mama. Lipa bila wasiwasi," nikajibu, mdomo mwepesi kama mpiga debe.

Shemeji akaweka chupa ya chai mezani, kando ya simu ya marehemu.

"Elia tulimzika Mkonze," akasema, watu wote wakisikia. "Namba hii naipigia kila nikimkumbuka. Inaita mpaka inakata. Kumbe shemeji ulikuwa unaniangalia tu?"