Lori la Bwana Shebe Lililooshwa kwa Maji ya Chumvi

Enzi zetu, gari likigoma, mtu alilala chini yake kwanza akatazama lina nini. Wiki iliyopita gari la mjukuu wangu lilikataa kuondoka, breki ya mkono imeng'ang'ania, naye hakuinama hata kuchungulia. Alipiga simu. Fundi akaja na miwani ya jua, akaandika orodha ndefu ya vipuri vipya, na gurudumu hata moja hajalifungua. Nilipomwuliza kama ametazama ndani ya dramu ya breki, alicheka. Nikaingia chumbani nimefura, na hasira yenyewe haikuwa ya fundi yule peke yake. Ninayo tangu nina miaka tisa.

Wenzangu mliokulia Mji wa Kale vita vikuu vya pili vilipokwisha, mnaukumbuka mtaa wetu wa Kibokoni asubuhi: mahamri yakitoka karaini, mbaazi za nazi, sauti zetu chuoni tukisoma Kurani kwa pamoja huku jicho moja liko kwenye bakora ya mwalimu. Jioni tulicheza mdako wa vijiwe barazani mpaka vidole vikachubuka. Na lori la Bwana Shebe likipita, mtaa mzima ulijibana ukutani. Bwana Shebe alikuwa tajiri wa nafaka, jirani yetu mlango wa tatu. Dereva wa lori lile alikuwa baba yangu.

Baba aliliangalia lori lile kuliko alivyotuangalia sisi. Ndani ya kila gurudumu la nyuma mna dramu, bakuli la chuma, na ndani ya bakuli viatu viwili vya breki vinavyotanuka kulikaba gurudumu lisizunguke. Hewa ya bahari huvila vyuma hivyo, na vikilala vimebana, kutu huvigandisha. Kwa hiyo Baba hakulaza gari na breki ya mkono hata siku moja. Aliweka kabari ya mti wa mkoko nyuma ya gurudumu, akaiachia breki. "Breki ya mkono ni ya kusimama, si ya kulala," alituambia, kana kwamba na sisi tulikuwa na magari.

Siku moja kabla ya Idd, Bwana Shebe alimwita Baba barazani kwake, nami nipo pale pale nacheza mdako na binti yake. Akamwamrisha alipeleke lori Liwatoni, aliingize baharini na kuliosha, maana kuteka maji ya kisima kungechukua siku nzima. Baba akamwambia kwa upole kwamba chumvi itaingia kwenye dramu. Tajiri akacheka. Akasema mbona meli zakaa baharini miaka. Alasiri lori liliporudi linang'aa, nami bado niko pale, akatoa amri ya pili: kabari ile iondolewe, inatia aibu mlangoni kwa mtu siku ya Idd, breki ya mkono ivutwe. Baba akaichomoa kabari. Kisha akaivuta breki.

Lori lililala hivyo siku mbili za kwanza za Idd. Siku ya tatu ya Idd Bwana Shebe alikuwa na harusi ng'ambo ya Makupa, na wanawake walikuwa wamekwisha kupanda nyuma na mabuibui yao na masinia ya biriani. Baba akawasha. Injini ikanguruma, lori likatikisika, magurudumu ya nyuma hayakugeuka. Akaiachia breki ya mkono, akaivuta, akaiachia tena. Wapi.

Wanawake wakashuka, wengine wakicheka, wengine wakisonya. Baba akavua kanzu yake ya Idd, akabaki na msuli na fulana, akaingiza jeki. Kwanza aliufungua waya wa breki ya mkono, ajue kama uliokwama ni waya. Gurudumu halikusogea bado, akajua ugonjwa uko ndani. Akalegeza viatu kwa nyuma, akaigongagonga dramu pole pole pande zote kwa nyundo, hakutaka kuipasua, kwa sababu dramu nyingine ungeipata wapi miaka ile. Ilipotoka, ilimwaga kutu nyekundu iliyochanganyika na chumvi nyeupe. Mtaa mzima uliona.

Bwana Shebe akasogea mbele ya wageni wake.

"Ni nani alokosha gari hini kwa maji ya pwani?"

"Ni mimi, bwana," Baba akasema.

"Na breki ni nani aloivuta?"

"Ni mimi."

Nilifungua kinywa. Wallahi nilikifungua. Mama, aliyekuwa amesimama nyuma yangu, akaniminya mkono mpaka kucha zikaingia, akaninong'oneza, "Nyamaza. Mtu haaibishwi mbele ya wageni wake, mwanangu." Nikanyamaza. Baba akaisugua kutu kwa msasa, akapaka grisi kidogo mahali pake, akarudisha dramu, akafanya na upande wa pili vile vile, akalijaribu lori mpaka mwisho wa mtaa. Likatembea vizuri sana. Aliporudi Bwana Shebe akamnyooshea kiganja, akamwambia, "Nipa ufunguo." Harusi ikaenda na dereva mwingine.

Hakuna tajiri aliyemwajiri tena. Nani angempa gari mtu asiyejua kwamba chumvi hula chuma? Baba, aliyeyajua hayo kuliko wote, alibeba magunia bandarini mpaka mgongo ukapinda. Miaka mingi baadaye Bwana Shebe alikuja kwetu, mgonjwa, akaomba mlango ufungwe, akamwomba Baba radhi kwa sauti ya chini. Mimi ndiye niliyeshika sinia ya kahawa. Baba akamwambia, "Yamekwisha, bwana," na alikuwa anasema kweli. Kwangu hayajakwisha. Matusi aliyatoa mtaani, radhi akaileta ndani, na mlango umefungwa.

Mkikutana barazani mnasema siku hizi hakuna adabu, na mimi huitikia. Nayatamani yale mahamri, nawatamani mafundi waliochafua mikono kabla ya kusema bei. Lakini adabu yetu ile mnayoisifu, ilibebwa na nani? Mjukuu wangu asiyejua hata kuinama angemjibu Bwana Shebe pale pale mbele ya wageni wake. Ningemkaripia hadharani, kisha ningeingia chumbani nikalia kwa furaha. Baba hakupata mtu wa hivyo. Alikuwa na mtoto mmoja tu aliyesikia amri zote mbili, na mtoto huyo alinyamaza. Nayasema leo, na wakubwa wote waliosimama mtaani siku ile wamekwisha kufa.