Halbadiri Inasomwa Ijumaa, na Aliyeharibu ni Mimi

Assalaam aleikum, admin. Nifiche jina, tafadhali. Mama zangu wote wawili wanausoma ukurasa huu.

Nina miaka ishirini na saba, naishi Ukunda, natengeneza tovuti. Mama mzazi alinifia nikiwa mdogo, nikalelewa Msambweni na dada yake, mama mkubwa. Yeye na mama mdogo wana nyumba za wageni, ua kwa ua. Niliwatengenezea tovuti zinazofanana kama pacha.

Mwaka jana mteja wangu wa Diani aliniuliza: tovuti ikiwekwa kwenye zile orodha za biashara za mtandaoni, linki zake huipandisha juu mtu akitafuta? Sikuwa na jibu, nikaona nijaribu. Niliisajili ya mama mkubwa kwenye orodha zaidi ya mia mbili, nyingi za ovyo. Ya mama mdogo sikuigusa, nipate kulinganisha. Nilimchagua mama mkubwa kwa sababu yeye haniulizi kitu. Wala sikumwambia.

Miezi miwili hakikubadilika kitu. Kisha tovuti yake ikaanza kushuka, maana mitambo ya utafutaji huziadhibu tovuti zenye linki za ovyo, mpaka ukitafuta nyumba za Msambweni huioni. Ya mama mdogo ikabaki juu. Wageni wakawa wanapita mlangoni kwa mama mkubwa na mabegi yao, wanaingia kwa mdogo wake.

"Huyu amenifunga kwa uchawi," mama mkubwa akaniambia. "Wageni wapite kwangu kama hapana mlango?"

"Mama, ni mambo ya mtandao tu."

"Mtandao si mmoja? Mbona yeye haumdhuru?"

Nikageuza mazungumzo. Hapo ndipo ningesema.

Siku ya Idi mama mdogo alimpelekea sahani ya biriani, ikarudishwa na kawa lake juu, haikufunuliwa. Alinipigia simu akilia: "Dada yangu nimemkosea nini?"

Nimeandika kuomba linki zitolewe. Orodha chache zimejibu, nyingine hazina hata mwenyewe.

Juzi mama mkubwa ameniita. Ijumaa, baada ya alasiri, masheikh watamsomea halbadiri, dua ya kumshtakia Mungu, imshukie aliyemharibia popote alipo. Anataka niketi ubavuni pake niitikie amina. "Nina nani mwingine?" akasema. Ameshanishonea na buibui jipya la siku hiyo.

Dua naiogopa. Uso wake akijua ni mimi, nauogopa zaidi. Na nikinyamaza, mama mdogo atalaaniwa midomoni mwa watu wote kwa kosa langu.

Leo ni Jumatano. Ndugu zangu, nishaurini, nifanye nini?