Ngamia mwenye ndevu zangu

Hapana jamani, mimi siuzwi. Acheni kupiga simu.

Hodan, binti ya dada yangu, ndiye alinitengenezea tovuti ya kuuza mifugo. Leo asubuhi naifungua, pale kwa picha ya ngamia ni uso wangu!

Chini: dume, miaka sita, meno mazuri.

Mteja wa Mandera akapiga. "Walaal, ndugu yangu, huyu ngamia mbona ana ndevu?"

Nikawaka. Nikaandika kwa grupu ya wafanyabiashara: Hodan ameniharibia, msimpe kazi.

Akaja dukani na laptop, mpole kabisa.

"Abti, mjomba wangu, picha ya ngamia niliiita 'picha'. Sasa kuna programu inageuza maandishi yangu ya kutengeneza tovuti yafunguke kwa simu za watu. Hiyo huwa inabandika majina yake ndani, kimyakimya. Picha yako, ile ya mwenye duka pale juu ya tovuti, nayo imeiita 'picha'. Zimegongana."

"Yaani mashine ndio imekosea?"

"Ndio, abti."

Akabadilisha jina moja. Moja tu! Ngamia akarudi.

Halafu akawaandikia wenye hiyo programu, watu wa mbali huko. Kabla ya adhuhuri wakajibu: ni kweli, kosa ni letu, asante.

Wallahi! Kitu inatumika dunia nzima, na aliyekamata kosa lake amekaa juu ya gunia la chumvi ya mifugo, Garissa!

Shida ni mdomo wangu. Watu wawili washamnyima kazi.

Basi nyinyi wawili, na yeyote anayesoma: mpe Hodan tovuti yako atengeneze, mimi nabeba mbuzi zako sokoni na pikapu yangu mwezi mzima, bure.

Tumekubaliana?