Goli Nililolizuia kwa Tumbo

Nawasimulia hili huku uso nimeuficha, maana mpaka leo nikipita sokoni Butimba kuna dada mmoja muuza nyanya ananiita "golikipa", wala hana ubaya, ila mimi natamani ardhi ipasuke niingie.

Timu ya binti yangu Koku (wavulana kwa wasichana, jezi rangi yoyote mradi imefuliwa) ilikuwa haijawahi kufunga goli. Sisemi kushinda jamani, kufunga tu! Na baba yake yuko Mtwara kikazi, anakuja likizo kama mgeni, hata paka wetu anamkimbia. Jumamosi ile walikuwa wanacheza na watoto wa Buhongwa, wale wenye njumu na soksi zinazofanana, na Koku akaniambia, "Mama, leo nataka baba anione." Basi nikampigia simu ya video.

Ningekaa pale kwenye mawe na wazazi wenzangu, yasingenikuta. Lakini baba Koku akaanza, "Mama Koku, mimi naona sisimizi tu, sogea kidogo!" Nikasogea. "Sogea tena, mwanangu simwoni uso!" Kusema kweli ile sauti ilinilevya, maana tangu Pasaka sikuwa nimemsikia akifurahi vile (mtu akikaa mbali hata kicheko chake unaanza kukisahau), nikawa natembea tu macho yapo kwenye kioo, mpaka nikajikuta nyuma ya goli, na goli lenyewe ni miti miwili bila nyavu, kwa hiyo kutoka nyuma ya goli kuingia ndani yake wala sikuhisi.

"Namwona! Anakuja!" baba Koku akapiga kelele.

Kweli alikuwa anakuja. Alimwacha beki, akamlaza kipa chini, akapiga. Mpira ukanipata tumboni, ukarudi uwanjani, beki akaubutua mbali, simu ikarukia kwenye majani, na mimi nikakaa chini puu, kitenge huku, kiatu kule.

Uwanja mzima kimya. Kutoka kwenye majani ikasikika sauti ya mume wangu, spika nimeifungulia mpaka mwisho: "Limeingia? Mbona kimya? Nani huyo mjinga kazuia mpira wa mwanangu?"

Nikajibu polepole, "Ni mimi, baba Koku."

Weee! Watoto wa Buhongwa walilala chini kwa kicheko. Nami badala ya kuondoka nikamfuata mwamuzi, kijana wa chuo cha ualimu, nikimweleza kwamba tumbo langu lilikuwa ndani ya goli, kwa hiyo mpira ulishaingia. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Shikamoo mama," akasema, "tumbo lilikuwa kwenye mstari. Naomba utoke uwanjani." Tukafungwa manne.

Koku hakucheka wala hakulia. Aliokota simu, akaifuta vumbi kwa jezi yake.

"Nimeliona shuti lako mwanangu," baba yake akamwambia. "Lile lilikuwa goli."

"Baba, ungekuwepo," Koku akamjibu, "mama angekaa na wenzake."

Nilidhani mtandao umekatika, nikasogeza sikio. Haukuwa umekatika, nilimsikia anapumua.

Tangu hapo nimeapa, siku ya mechi simu inabaki kabatini. Jioni Koku anamsimulia mwenyewe, anapanga vikombe mkekani kumwonyesha nani alikuwa wapi, na mimi jikoni nikisonga ugali namsikia baba yake, "Halafu? Halafu ikawaje?" Zamu yangu ikifika ananiuliza tumekula nini, namwambia ugali na sato, naye ananiambia amekula wali, halafu maneno yanatuishia, na hakuna kati yetu anayekata simu.