Mbeleko kwenye begi la Mama

Jamani, leo Mama kanitoa machozi.

Mvua imepasua ardhi mlimani, juu ya nyumba yetu, tumeambiwa tukae tayari kukimbilia msikitini, ng'ambo ya bonde. Wiki nzima Mama kagoma: "Miguu hii haifiki huko. Niacheni."

Asubuhi nikakuta kafunga begi lake mwenyewe. Ndani kaweka mbegu za maharage na mbeleko kuukuu.

"Mama, mbeleko ya nani tena?"

"Yako. Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa nilikubeba kwa hii, ukalia njia nzima. Sasa zamu yako. Usilie."

Nikainama hapo hapo, tukajaribu. Nikazunguka naye uani, kacheka mpaka kakohoa.

Alhamdulillah, amekubali kuhama.

Lakini ni mwepesi mno, jamani. Sikujua.

Mwenye mama aliye hai, hebu mbebe kidogo, halafu uniambie.