Njia Niliyojidai Kuijua

Wiki iliyopita niliwafikisha wanakwaya saba, pamoja na baiskeli zao, katikati ya kundi la tembo.

Tulikuwa tumetoka Gumbo, karibu na Juba, kwenda kuimba Nimule, kwenye mpaka wa Uganda. Nilichaguliwa kiongozi kwa sababu tangu amani iturudishe kutoka Uganda, sijaacha kusimulia jinsi nilivyokimbia vita kwa miguu, nikipita njia hiyo hiyo ya Nimule. Siku ya pili nikaona njia pana, safi, ikiingia porini.

“Hii ndiyo njia yetu wakimbizi,” nikatangaza. “Ni ya mkato.”

Kumbe ilikanyagwa na tembo wenyewe, na iliishia kwenye maji yao. Tulitupa baiskeli, tukapanda miti.

“Wakati wa vita mliwapitaje hawa, kiongozi?” Keji akaninong’oneza kutoka tawi la juu.

“Tulinyamaza tu.”

Poni, ambaye familia yake ilikimbia pamoja na yetu, akashindwa kujizuia. “Malesh, samahani ndugu yangu, ulinyamaza kweli! Si ulikuwa kwenye lori, umefunikwa magunia ya mtama mpaka mpakani?”

Miti yote ikacheka.

“Basi,” Keji akauliza taratibu, “barabara iko upande gani?”

Sikujua, na tembo walikuwa bado wanakunywa.